Sukari inashuka alfajiri na CT haionyeshi kitu: insulinoma inatafutwaje, na tumbo lifunguliwe lini?

Tabibu_wa_Mkoa

Salaam wakuu. Naomba mawazo yenu kuhusu mgonjwa aliyeko wodini, ninayeshuku ana insulinoma, yaani uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini hata sukari ikiwa chini.

Ni mama wa miaka 42, hana kisukari, na kwa maelezo yake hatumii dawa yoyote ya sukari. Miaka miwili sasa anatibiwa kifafa. Ndugu wanasema hali humjia alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni, au akichelewa chakula cha mchana: jasho, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, na mara nyingine degedege. Nyumbani walidhani ni mapepo, ameombewa sana. Mwenyewe amegundua kwamba akinywa soda hali inatulia, basi anakula kila saa na ameongezeka kilo 11. Juzi saa 11 alfajiri kipima sukari cha kidole kilisoma 1.9 mmol/l. Alipewa dekstrosi ya asilimia 50, mililita 50, akazinduka ndani ya dakika tano akiuliza yuko wapi.

Figo na ini ni salama. CT ya tumbo imerudi na maneno "kongosho halina tatizo". Bosi wangu wa upasuaji yuko tayari kufungua tumbo na, asipoona kitu, kukata mkia wa kongosho. Je, ni sahihi? Na kabla ya hapo, kufunga kwa saa 72 (kipimo cha kumzuia kula hadi sukari ishuke, damu ichukuliwe) kunafanywaje katika wodi ya kawaida bila kumwua mgonjwa?

Homoni_na_Sukari

Daktari, mzuie bosi wako kwanza. Insulinoma inathibitishwa kwa damu. Picha inakuja baadaye kukuonyesha uvimbe ulipo. Ukianza na picha utaambiwa hakuna kitu, kama ulivyoambiwa, au utaonyeshwa kivimbe kisicho na uhusiano wowote na sukari kisha ukikate bure.

Mambo matatu aliyoyaweka Allen Whipple, mpasuaji wa New York, katika miaka ya 1930 ndiyo tunayoanzia hadi leo: dalili za sukari kushuka, sukari kupimwa wakati huohuo ikakutwa chini, na dalili kuondoka sukari ikipanda. Mgonjwa wako anayo yote matatu, ila la pili umelipata kwa kipima cha kidole, na mashine zile hazitegemewi sukari ikiwa chini ya 3. Unahitaji sukari ya maabara.

Swali tunaloliuliza kongosho ni hili: sukari imeshuka, wewe umeacha kumwaga insulini au bado unamwaga? Kongosho zima huacha. Lenye insulinoma huendelea. Kwa hiyo damu ichukuliwe sukari ikiwa chini ya 3.0 mmol/l, kabla ya dekstrosi, na kutoka mchomo huohuo mmoja upime sukari, insulini, si-peptidi (kipande kinachotoka pamoja na insulini ya mwili wenyewe), proinsulini (insulini kabla haijakamilika), beta-hidroksibutireti (aina ya ketoni), na dawa za jamii ya sulfonilurea (vidonge vya kisukari vinavyolifanya kongosho limwage insulini). Kingamwili dhidi ya insulini unaweza kuzipima wakati wowote.

Majibu yanayoelekeza kwenye insulinoma: insulini 3 µU/ml (18 pmol/l) au zaidi, si-peptidi 0.2 nmol/l au zaidi, proinsulini 5 pmol/l au zaidi, na beta-hidroksibutireti isiyozidi 2.7 mmol/l, kwa sababu insulini inazuia mwili kutengeneza ketoni. Zingatia kwamba insulini ya 4 au 5 inaweza kurudi ikiwa na alama ya "kawaida" kwenye fomu ya maabara. Sukari ikiwa 2.1, hiyo si kawaida hata kidogo. Wagonjwa wengi hupotelea hapo.

Huyu anashuka mwenyewe kila alfajiri, kwa hiyo huenda hamtahitaji kufika saa 72. Theluthi moja hivi ya wenye insulinoma hushuka ndani ya saa 12, na karibu wote ndani ya 48. Anzeni kuhesabu tangu mlo wa mwisho. Muwekeni kanula mbili, moja ya kuchukulia damu na nyingine ya dharura. Anaruhusiwa maji na kutembea wodini. Dawa zisizo za lazima zisimame. Chukueni damu kila saa 6 hadi sukari ifike 3.3, kisha kila saa 1 au 2. Funga inakoma sukari ikifika 2.5 na dalili zikiwepo. Kwa aliyekwisha kuonekana na mambo matatu ya Whipple, mnaweza kukoma ikishuka chini ya 3.0. Jambo moja linasahaulika: usisimamishe funga kwa sababu kipima cha kidole kimesoma 2.8 na mgonjwa anacheka na jirani yake wa kitanda. Tuma damu maabara, subiri jibu.

Mwisho wa funga, kama hana degedege, mpe glukagoni (homoni inayotoa sukari kwenye ini) miligramu 1 kwenye mshipa, pima sukari dakika ya 10, 20 na 30. Ikipanda kwa 1.4 mmol/l au zaidi, maana yake insulini ilikuwa imefungia sukari ndani ya ini. Kisha mpe chakula. Akianza degedege, achana na glukagoni: chukua damu, mpe dekstrosi.

Dekstrosi iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano kando ya kitanda tangu dakika ya kwanza, na muuguzi wa zamu ajue yuko pale kwa ajili ya mgonjwa huyu. Wodi isiyoweza kumtenga muuguzi usiku isianze funga.

Benchi_la_Maabara

Naongezea ya chupa, maana kazi nzuri ya wodini hufia huku kwetu.

Sukari iende kwenye chupa ya kizibo cha kijivu, yenye floraidi, na isikae. Damu iliyoachwa kwenye chupa nyekundu saa tatu kwenye joto la wodi huliwa sukari na chembe zenyewe, na mtu mwenye 4.5 anaweza kusomwa chini ya 4. Insulini na si-peptidi: chupa ipozwe kwenye barafu, izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya nusu saa, majimaji ya juu yagandishwe. Damu ikipasuka chembe (utaona majimaji yamekuwa mekundu) insulini huharibika na jibu litatoka chini kuliko ukweli. Hapo utaambiwa mgonjwa hana insulinoma wakati anayo. Usivute damu kwa nguvu kupitia kanula nyembamba ya bluu.

Muulize pia kama anameza vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini nyingi, nayo huvuruga mashine nyingi zinazopima homoni. Aache siku kadhaa kabla ya kipimo.

Kwenye kila chupa andikeni saa na dakika. Insulini isiyo na sukari ya dakika ileile haisomeki.

Homoni_na_Sukari

Asante sana, ndugu. Kabla hatujaenda kwenye picha, kuna vinavyofanana.

Sulfonilurea ndiyo inayodanganya kuliko yote: insulini juu, si-peptidi juu, ketoni chini, sawasawa na insulinoma. Glibenklamidi, mojawapo ya dawa hizo, iko kwenye kabati la bibi mwenye kisukari, na vidonge vyeupe vinafanana. Iko pia ndani ya baadhi ya dawa "za asili" zilizochanganywa kisirisiri. Mwaka 2008 huko Singapore watu walizimia na wengine kufa kwa dawa za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi. Kama maabara yenu haipimi sulfonilurea, mwambie ndugu alete kila kidonge na kila chupa iliyoko nyumbani, uvitazame kwa macho yako.

Aliyejichoma insulini atakuwa na insulini juu na si-peptidi chini. Ukikuta vyote viwili viko chini na mgonjwa ana uvimbe mkubwa wa ini, waza uvimbe unaotoa IGF-2, homoni inayofanya kazi kama insulini. Kwa mazingira yetu ongeza kwinini, ambayo huchochea kongosho kumwaga insulini, malaria kali yenyewe, pombe bila chakula, na tezi za adrenali zilizoliwa na kifua kikuu. Figo zilizochoka hupandisha si-peptidi. Vizuri kwamba za huyu ni salama.

Pima na kalsiamu. Ni kipimo cha bei nafuu, na ikiwa juu, au kama kuna mawe ya figo na vidonda vya tumbo katika ukoo, fikiria MEN1, ugonjwa wa kurithi unaoleta uvimbe kwenye tezi kadhaa. Hapo uvimbe huwa mwingi ndani ya kongosho moja na upasuaji unabadilika kabisa.

Picha_Nyembamba

Kuhusu CT iliyosomwa "halina tatizo": nina hakika ya karibu yote kwamba ilipigwa awamu moja, sekunde 70 baada ya dawa ya kung'arisha mishipa, vipande vya milimita 5. Insulinoma ina mishipa mingi, hung'aa mapema kisha hufifia na kulingana na kongosho. Ukipiga ukiwa umechelewa, huuoni hata ukiwa na sentimita 2. Tisa kati ya kumi huwa chini ya sentimita 2.

Kwenye fomu usiandike "CT tumbo". Andika: "Sukari kushuka kwa insulini ya ndani, imethibitishwa kwa damu. Natafuta insulinoma. CT ya kongosho, mwishoni mwa awamu ya ateri, sekunde 35 hadi 45, na awamu ya vena. Vipande vya milimita 1 hadi 2." Mgonjwa anywe maji ya kawaida badala ya dawa nyeupe ya kunywa ya CT, maana dawa nyeupe ndani ya duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) hufunika kivimbe kilicho kichwani mwa kongosho. Kanula iwe ya kijani, sindano isukume mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Na asije akiwa amefunga bila dripu ya dekstrosi! Anaweza kuzimia juu ya meza ya CT.

Ikishindikana, MRI. Ikishindikana hiyo, ultrasaundi ya ndani kwa endoskopia, ambayo ni bingwa kwa kichwa na mwili wa kongosho na dhaifu kidogo mkiani. PET (picha ya dawa yenye mionzi) ya vipokezi vya homoni ya somatostatini haiaminiki sana hapa, kwa sababu insulinoma nyingi zina vipokezi vichache. PET ya eksendini inayoshika vipokezi vya GLP-1 ni bora zaidi pale inapopatikana.

Picha zote zikinyamaza, bado kuna kipimo cha kalsiamu kwenye ateri. Mrija unapitishwa kutoka kinena. Kalsiamu glukoneti, 0.025 mEq kwa kilo, inasukumwa kwenye ateri moja baada ya nyingine, na damu inachukuliwa kwenye vena ya kulia ya ini kabla ya sindano na sekunde 20, 40 na 60 baada yake. Insulini ikiruka maradufu baada ya ateri ya wengu, uvimbe uko mwilini au mkiani. Ikiruka baada ya ateri ya gastroduodeni au ya mesenteri ya juu, uko kichwani. Haikuonyeshi uvimbe wenyewe, inakupa eneo, na eneo linamtosha mpasuaji.

Tahadhari moja: wengu mdogo wa ziada uliojificha ndani ya mkia wa kongosho hung'aa kwenye CT na kwenye PET ya somatostatini. Mwone mpasuaji wako kabla hajaukata.

Kisu_cha_Kongosho

Nijibu swali la bosi wako moja kwa moja: kukata mkia bila kuona uvimbe ni kosa. Insulinoma hugawanyika takriban sawa kati ya kichwa, mwili na mkia, kwa hiyo ukikata mkia kwa kubahatisha, mara nyingi zaidi utauacha uvimbe ndani, utabaki na mgonjwa yuleyule, na safari hii ana jeraha na nusu kongosho. Usipoupata, funga tumbo, rudi kwenye kipimo cha kalsiamu. Haina aibu.

Habari njema ni kwamba tisa kati ya kumi si saratani, na uvimbe ni mmoja tu. Roscoe Graham aliuondoa wa kwanza kwa mafanikio huko Toronto mwaka 1929, na hadi leo kisu ndiyo tiba inayoponya.

Tumbo likifunguliwa, ingia mfuko mdogo ulio nyuma ya tumbo la chakula kwa kukata kati ya tumbo hilo na utumbo mpana, uone mbele yote ya kongosho. Legeza duodeni hadi vidole viwe nyuma ya kichwa na gumba mbele. Legeza ukingo wa chini wa mwili na mkia ufanye vivyo hivyo. Kongosho la kawaida ni laini lenye chembechembe. Insulinoma ni kigumu cha mviringo, chekundu-kahawia, kama harage lililofukiwa ndani ya mkate laini. Kisha weka ultrasaundi juu ya kongosho lenyewe, ukilimwagia maji ya chumvi ya uvuguvugu ili kifaa kisilikandamize. Utaona doa jeusi lenye ukingo safi. Usiishie hapo: pima umbali wake kutoka mrija mkuu wa kongosho. Namba hiyo ndiyo inayoamua operesheni.

Milimita 3 au zaidi, kwangu, uukokoe peke yake. Kata kongosho juu ya uvimbe pale palipo pembamba, tafuta tabaka kati yake na kongosho, pitisha uzi mmoja ndani ya uvimbe uwe wa kuushikia, kisha uzunguke taratibu. Kila kishipa kifungwe kwa klipu au uzi mwembamba. Moto wa umeme karibu na mrija usiutumie: mrija utaonekana mzima leo na kutoboka siku ya tano. Ukimaliza rudisha ultrasaundi, hakikisha mrija haujakatika.

Uvimbe ukiwa umegusa mrija, kata sehemu ya kongosho yenye uvimbe. Mkiani na mwilini ni kukata upande wa kushoto wa kongosho huku ukiuhifadhi wengu. Kichwani, ukiwa umezama juu ya mrija, ni operesheni kubwa ya Whipple (kutoa kichwa cha kongosho pamoja na duodeni), na hiyo isifanywe na anayeifanya mara moja kwa mwaka. Mpeleke kwa wanaoizoea. Uvimbe mkubwa, uliong'ang'ania jirani, uliopanua mrija au wenye tezi zilizovimba uchukuliwe kama saratani: ukate sehemu pamoja na tezi zake, usiukokoe.

Kilichotoka kisomwe papo hapo kwa kugandishwa kama patholojia ipo. Wengu wa ziada umeshatajwa hapo juu. Na tezi ya limfu pia huwadanganya watu.

Kinacholeta shida baadaye ni fistula, yaani kongosho kuvujisha majimaji yake. Kukokoa kunabakiza kongosho lote lakini kunavujisha zaidi kuliko kukata, kwa kuwa unaacha kidonda kibichi kisicho na kifuniko. Weka dreni (mrija wa kutolea majimaji), pima amilesi, kimeng'enya cha kongosho, ndani ya majimaji hayo siku ya 1 na ya 3. Siku ya 3 ikizidi mara tatu ya kikomo cha juu cha damu, kuna uvujaji. Mgonjwa akiwa hana homa, anakula, majimaji ni maangavu: mwache na dreni yake. Homa, majimaji ya rangi ya matope, au damu kwenye dreni, hata kidogo tu: CT siku hiyohiyo. Damu kidogo siku ya saba inaweza kuwa ateri inayoliwa na majimaji ya kongosho, na itakayofuata haitakuwa kidogo.

Usingizi_Salama

Kutoka upande wa kichwa cha meza. Usiku wa kuamkia operesheni asifunge mkavu: dripu ya dekstrosi ya asilimia 10, sukari kila saa. Aliyelala nusukaputi hatetemeki wala haongei ovyo, kwa hiyo kipimo ndiyo macho yako. Pima kila dakika 15 hadi 30, na hasa pale mpasuaji anapoukamata uvimbe, maana kuuminya humwaga insulini. Usimruhusu ashuke chini ya 4.

Uvimbe ukitoka, sukari huanza kupanda ndani ya nusu saa hadi saa moja. Inatia moyo, lakini isitumike peke yake kuamua kufunga tumbo. Dripu yako mwenyewe inaweza kuipandisha, na kwa wengine hupanda kwa kuchelewa. Andika kila badiliko la mwendo wa dripu ili mpasuaji asidanganyike.

Siku zinazofuata sukari ya 10 hadi 14 ni kitu cha kutarajia. Seli nzima za insulini zilikuwa zimezimwa kwa muda mrefu na zinaamka polepole, siku kadhaa hadi wiki mbili tatu. Usimwandikie dozi za mgonjwa wa kisukari. Ikikaa juu ya 15, insulini kidogo sana, na kupima mara kwa mara.

Tabibu_wa_Mkoa

Nawashukuru mno. Nimemwonyesha bosi, ameahirisha. Mawili yamebaki. Rufaa inaweza kuchukua wiki tatu: nimweke vipi hadi hapo? Na wengu ukilazimika kutoka, kwa mtu anayeishi kwenye malaria, nifanye nini?

Homoni_na_Sukari

La kwanza. Milo midogo kila saa 2 hadi 3, na mmoja usiku wa manane kwa kengele ya simu. Soda ni ya dharura tu. Sukari ya haraka huchochea insulini na kumwangusha tena. Kabla ya kulala anywe wanga wa mahindi mbichi uliokorogwa kwenye maji baridi au maziwa. Nasema ule wanga mweupe laini wa kuzitisha supu, sembe haifai, na usipikwe: ukipikwa unasagwa upesi na faida ya kukaa tumboni usiku kucha inapotea. Asiendeshe chombo, asipande ngazi, asipike peke yake kwenye moto wazi, na asilale chumba cha peke yake.

Daizoksaidi, dawa inayozuia insulini kumwagwa, ikipatikana, anza miligramu 50 hadi 100 mara mbili au tatu kwa siku. Hushikilia chumvi na kuvimbisha miguu, kwa hiyo ongeza haidroklorothiazaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, ambayo nayo husaidia kupandisha sukari. Mwambie mapema kwamba vinyweleo vitaota usoni, la sivyo ataiacha kimyakimya. Okitriotaidi (dawa inayoiga somatostatini na kuzima homoni) usimpe aende nayo nyumbani bila kujaribiwa wodini: huzima glukagoni pia, na kwa uvimbe usio na vipokezi vyake sukari inaweza kushuka zaidi.

Dawa za kifafa usizikatishe ghafla. Uvimbe ukishatoka, zipunguzwe polepole.

Kisu_cha_Kongosho

La pili, daktari, linaanza kabla ya operesheni. Kila uvimbe wa mwili au mkia, hata tukipanga kuuacha wengu, apate chanjo za nimonia, uti wa mgongo na Hib wiki mbili kabla. Ateri ya wengu ikipasuka mezani hakuna muda wa chanjo. Kama hazikutolewa, basi wiki mbili baada.

Kuuhifadhi kuna njia mbili. Ya Kimura inaacha ateri na vena ya wengu, ukifunga vitawi vyake kimoja kimoja kutoka kwenye kongosho. Inachukua muda, na kwetu inastahili muda huo. Ya Warshaw inakata mishipa hiyo na kuutegemea wengu mishipa mifupi ya tumbo, kwa hiyo usiwe umeshaikata hiyo mifupi wakati unafungua njia. Kabla ya kufunga utazame wengu: ukiwa mweusi wote, utoe.

Ukitoka, malaria kwake si ugonjwa wa kungoja mpaka kesho. Wengu ndio unaochuja chembe zenye vimelea. Chandarua chenye dawa kila usiku, kinga ya malaria kwa mpango na daktari wake, penisilini V nyumbani, na karatasi ndani ya pochi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: "SINA WENGU. NIKIWA NA HOMA NIPIMWE MALARIA NA NIPEWE ANTIBAYOTIKI SASA HIVI." Mumewe au mtoto mkubwa aisome mbele yako, kwa sauti, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.